Je, mkondo unaweza kumsomba kome kutoka katikati ya ziwa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Kayenze, Mwanza. Kazi yangu ni kuokota magamba ya konokono na kome ufukweni na kuwauzia wenye mashine za kusaga chakula cha kuku. Zipo siku nakuta yamejaa, na zipo wiki nzima sipati hata nusu ndoo. Ufuko wetu una magamba mengi, lakini ukivuka mawe kidogo tu unakuta mchanga mtupu. Wazee wa hapa wanasema mkondo huwasomba kome wakiwa hai kutoka katikati ya ziwa na kuja kuwatupa huku. Ni kweli? Na haya magamba kuna siku yataisha?

Jibu: Marahaba, dada. Jibu fupi ni hili: kome aliyekomaa hasombwi na mkondo kutoka katikati ya ziwa mpaka Kayenze. Kinachomng'oa ni wimbi, na wimbi halifiki chini kule. Kazi ya mkondo inakuja baadaye, kuamua kilichokwisha kung'olewa kielekee wapi. Sehemu kubwa ya unachookota ni magamba matupu ya viumbe walioishi na kufa kwenye maji ya kina kifupi mbele ya ufuko wenu. Hata hivyo wazee msiwapuuze, maana wapo kome wanaosafiri wakiwa hai, tena mbali. Ila hao ni wachanga wenye milimita chache, hutawaona kwenye ndoo yako.

Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu ukishaelewa utajua hata siku ya kuamka mapema.

Nianze na mkondo wenyewe. Aliyekulia Tanga au Unguja anajua maji kupwa na kujaa, yanayopanda na kushuka kiasi cha mita 4 siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita siku zote. Maji mengi hivyo yakilazimika kupita kwenye mlango mwembamba yanaburuta mchanga na kokoto. Ziwa Victoria halina nguvu hiyo. Kupwa na kujaa kwake ni kwa sentimita chache tu, na mwenye mtumbwi hawezi kugundua. Mikondo yetu inazaliwa na upepo: ule wa ziwani unaoingia nchi kavu mchana, ule wa nchi kavu unaorudi ziwani usiku, na kusi, yaani upepo wa kusini wa miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo inayolivuruga ziwa mpaka chini.

Kusi hiyo kwetu Mwanza inatokea nchi kavu. Inayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, upande wa Uganda, na maji ya chini yanarudi kusini kujaza nafasi. Mvuvi anayetega nyavu hili halimshangazi: boya linavutwa huku, wavu ulioko chini umeegemea kule. Kwa hiyo usipime safari ya kitu cha sakafuni kwa kuangalia povu au magugu yanavyoelea.

Mkondo huo wa chini ni wa pole. Maji yanayogusa sakafu yanasuguana nayo na kupoteza mwendo, na sehemu kubwa ya ziwa yanatembea sentimita chache tu kwa sekunde. Mchanga laini unataka kama sentimita 20 kwa sekunde ndipo uanze kutembea. Gamba linataka zaidi ya hapo, na kome hai aliyejichimbia anataka zaidi tena. Isitoshe, sakafu ya katikati, kwenye kina cha mita 40, 60, hadi 80 hivi panapoishia ziwa hili, ni tope. Maji yanapojigawa matabaka, kuanzia kama Oktoba mpaka mvua za masika, oksijeni ya huko chini hupungua sana. Hata mkondo ungekuwa na nguvu, hapo katikati hakuna kome wa kutosha kujaza ufuko wenu.

Wimbi ni habari nyingine. Linapopita, maji hayasafiri nalo. Yanazunguka pale pale, na mzunguko huo unafifia kadiri unavyoshuka. Kanuni inayotumika ni kwamba mzunguko unaisha kwenye kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine. Wimbi linalopita kila baada ya sekunde 3 lina urefu wa mita 14 hivi, kwa hiyo linagusa sakafu mpaka mita 7. Likiwa la sekunde 5, ambalo linataka upepo mkali uliokimbia mbali juu ya maji, urefu unafika mita 39 na linagusa mpaka karibu mita 20.

Nimekufanyia hesabu ya wimbi la jioni yenye upepo wa kawaida, kimo nusu mita, la sekunde 3. Kwenye kina cha mita 2, maji ya sakafuni yanakwenda na kurudi kwa mwendo unaofika karibu sentimita 39 kwa sekunde. Kwenye mita 6 ni sentimita 7. Kwenye mita 10 ni sentimita 1 tu. Ni wimbi lile lile, na juu ya maji huoni tofauti yoyote. Kumbuka pia kwamba mwendo wa maji ukiwa mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Kwa hiyo kati ya mita 6 na mita 2 msukumo umepanda kama mara 30. Hapo ndipo kitu kinapong'oka, na ndipo magamba yako yanapotoka.

Kwa nini siku nyingine hukuti kitu? Wimbi hukuzwa na ukali wa upepo, muda unaovuma, na umbali unaokimbia juu ya maji. Ufuko wenu unatazama kaskazini. Kusi ikivuma, hata kwa nguvu, inatokea mgongoni mwenu, na mbele ya ufuko kunakuwa shwari. Upepo unaotoka ziwani mchana, na zaidi dhoruba za msimu wa mvua zinazokuja kutoka kaskazini na magharibi, ndizo zinazokuja na mawimbi yaliyokwisha kukua. Chukua daftari uandike upepo ulitoka wapi siku moja kabla ya kila mzigo mkubwa. Baada ya msimu mmoja utakuwa unajua kuliko mimi ninayehesabu nikiwa mezani.

Kome hai hakubali kung'olewa kirahisi. Ana mguu mmoja wenye misuli, anaupenyeza mchangani, anautanua kama nanga na kujivuta chini, anabakiza ncha tu ya kuvutia maji. Wale wadogo wa mviringo, wenye mistari minene mgongoni, wanaoitwa Corbicula africana kitaalamu, hukaa karibu sana na uso wa mchanga, kwa hiyo dhoruba ikikwangua sentimita chache za mchanga inawafukua. Wale warefu wembamba wa jenasi ya Mutela wanachimba zaidi. Yupo pia Etheria elliptica, chaza wa maji baridi, anayejigandisha kwenye mwamba kwa saruji yake mwenyewe. Huyo wimbi halimwezi mpaka livunje gamba au mwamba wenyewe umeguke.

Konokono yeye hushikilia kwa nyayo. Akishtuliwa na maji yenye fujo anajifungia ndani ya gamba, na akishajifungia hana tena cha kushikia, anabingirika. Yule wa mviringo unayemwona sana, Bellamya, ana kifuniko kigumu mlangoni, kwa hiyo anaweza kubingirika mbali na kubaki mzima. Na akifa, nyama inapooza inatoa gesi, gamba linaelea. Hapo sasa mkondo wa juu unaweza kumbeba kweli, kwa saa au siku, kutoka mbali kuliko wimbi lingeweza. Ukikuta konokono wengi wanaonuka kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, hao huenda wamekuja kwa njia hiyo.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, gamba tupu la upande mmoja. Chukua la kome lenye ukubwa wa kidole gumba, lidondoshe kwenye beseni lenye maji yaliyotulia. Litashuka likiyumba kulia na kushoto, na mara nyingi litatua mgongo chini, mdomo juu. Sasa tia mkono uyazungushe maji polepole. Gamba litatikisika, maji yatalishika kwenye ukingo ulionyanyuka, litapinduka na kulala mgongo juu. Endelea kuzungusha kwa mwendo ule ule, utaona limegoma kuondoka. Mgongo uliopinda unayaruhusu maji yapite juu yake, kingo zote zimegusa chini, hakuna pa kulishika. Ili litembee tena lazima uongeze kasi kiasi kikubwa.

Jambo hilo dogo linaeleza mengi. Sakafu ambayo magamba yake mengi yamelala mgongo juu ni sakafu inayopigwa na maji. Yakilala mdomo juu, yalishuka kwenye maji yaliyotulia na hayajaguswa tena. Wanaosoma miamba ya kale wanatumia alama hiyo hiyo kujua mahali fulani palikuwa na mkondo mamilioni ya miaka iliyopita. Wewe unaweza kuitumia kesho: tazama pale wimbi la mwisho linapoishia kwenye mchanga mbichi, utaona walio wengi wamekupa mgongo.

Na ndiyo maana gamba linaelekea nchi kavu badala ya kwenda na kurudi tu. Karibu na ufuko wimbi halina usawa. Mwendo wake wa kuja ni wa ghafla na mkali, wa kurudi ni wa taratibu na mrefu zaidi. Tope na mchanga laini, ambao hauhitaji nguvu, unachukuliwa na mwendo wa kurudi pamoja na maji yanayorejea chinichini kwenda ziwani. Gamba lililolala mgongo juu halijali mwendo wa kurudi. Linasubiri ule mkali wa kuja, linaruka hatua moja kuelekea nchi kavu, linalala tena. Wimbi baada ya wimbi, usiku kucha. Asubuhi unakuta mstari mrefu wa magamba, mepesi juu, mazito chini kidogo, yamechambuliwa vizuri kuliko mtu angeweza.

Kuhusu jirani yako mwenye mchanga mtupu: mawimbi mara nyingi hayaji wima kwa ufuko, yanakuja kwa upande. Kila pigo linasogeza vitu kidogo kando, na jumla yake ni mwendo wa kufuata ufuko. Kama mawimbi yenu makubwa yanatoka kaskazini-magharibi, mzigo unatembea kuelekea mashariki mpaka ukutane na rasi ya mawe, nayo Mwanza mawe ni mengi. Rasi inaukamata upande wake wa magharibi. Upande wa pili unabaki na mchanga ambao haukuletewa kitu. Hatua mia zinaweza kutenganisha ufuko tajiri na ufuko maskini, na kina cha maji mbele yao kikawa kile kile.

Sasa wale wanaosafiri wakiwa hai. Kome mchanga ni mwepesi kiasi kwamba anaweza kutoa uzi mwembamba wa ute, mrefu kuliko mwili wake mara nyingi, ukaelea ndani ya maji na kushika mkondo. Uzi ndio unaovutwa, naye ananing'inia. Hata ule mkondo wa sentimita chache kwa sekunde unamtosha: sentimita 5 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 4 kwa siku. Kwa ndugu wa kome wetu, Corbicula fluminea wa Asia aliyeenea Marekani, watafiti Prezant na Chalermwat walionyesha jambo hili mwaka 1984. Kwenye fukwe za tope za Bahari ya Wadden, Uholanzi, kome wadogo wa Macoma huhama wakati wa baridi kwa njia hiyo hiyo, kutoka maji ya kina kifupi kwenda ya kina kirefu.

Yupo hata anayepanda wimbi kwa hiari yake. Donax variabilis, wa fukwe za mashariki mwa Marekani, hukaa mchangani akisikiliza kishindo cha mawimbi, na likija kubwa la kutosha anachomoka, anabebwa, kisha anajichimbia upya kabla maji hayajarudi. Habari hii ni ya bahari yenye kupwa na kujaa, haihusu Kayenze. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kuhamishwa na maji si ajali kila mara. Kuna viumbe waliojenga maisha yao juu yake.

Kome wetu wakubwa wamechagua njia ambayo haitegemei mkondo kabisa. Mabuu ya Mutela hujishikiza kwenye samaki, hukulia pale, kisha huachia na kudondoka sakafuni popote samaki alipofika. Samaki anaweza kwenda dhidi ya mkondo, uzi wa ute hauwezi. Naye konokono Bellamya hazai mayai ya kuelea. Hutoa watoto waliokwisha kuwa na gamba, na wengi wao hukulia palepale alipo mama.

Njia nyingine unaiona kwa macho kila msimu: magugu maji. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo, mizizini humo kuna konokono wadogo wanaosafiri bure, wakiwemo wa kichocho, Biomphalaria na Bulinus. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ni afya yako. Magamba makavu ya ufukweni hayakupi kichocho. Kinachokupa ni maji. Vimelea vinavyotoka kwa konokono hai huogelea na kupenya ngozi, tena zaidi mchana wa jua, na mkondo mdogo unaweza kuvileta ulipo hata kama hapo miguuni pako hakuna konokono hata mmoja. Ukizoea kuingia ndani ya maji kuchota magamba kwa beseni, hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako anayeokota mstari wa juu. Okota nchi kavu, vaa buti ukilazimika kuingia, na zahanati ikitangaza dawa za kichocho usikose, pamoja na watoto.

Umeuliza kama yataisha. Hapo lazima utenganishe akiba na mapato. Gamba likishazikwa mchangani linadumu sana. Kwenye Ziwa Tanganyika kuna maeneo ya sakafu yaliyofunikwa na magamba ya konokono wa Neothauma yenye umri wa mamia ya miaka, na samaki wadogo wameyafanya nyumba. Mbele ya ufuko wenu napo, dhoruba inafukua ya miaka mingi kwa mara moja. Marundo yaliyo juu zaidi, nyuma ya mstari wa maji, yaliachwa ziwa lilipokuwa juu, kama mwaka 1964, na tena Mei 2020 maji yalipofikia kimo kikubwa kuliko chote kilichowahi kupimwa hapo kabla. Hiyo ni akiba, na inakwisha kwa kuchimbwa. Mapato ni magamba mapya, na hayo yanakuja taratibu, kwa sababu maji ya Victoria yana madini machache kuliko ya Tanganyika na kujenga gamba ni kazi ya muda.

Utayatofautisha kwa mkono. Jipya linang'aa ndani, lina ngozi ya kahawia au ya kijani nje, na pande mbili mara nyingi bado zimeshikana kwenye bawaba. La zamani ni jeupe, lina unga ukilisugua, kingo zimeviringika. Vipande vyenye kingo kali ni vya waliovunjwa, vingine na samaki aitwaye kamongo, vingine na samaki wadogo waitwao furu, wale wachache waliobaki wenye meno ya kooni ya kusagia konokono. Kabla sangara hajatawala ziwa miaka ya 1980, furu wa aina hiyo walikuwa wengi katika Ghuba ya Mwanza.

Hesabu konzi moja kutoka kila mzigo: mangapi mapya, mangapi ya zamani. Ukiona mwaka hadi mwaka mapya yanapungua huku mzigo ukibaki vilevile, ujue unakula akiba na kome wenyewe wameanza kuadimika. Ukikuta waliofunga mdomo, wazito, wasionuka, hao ni hai. Mpe mwenye mtumbwi awarudishe kwenye kina cha mita 3 au 4 penye mchanga, maana ukiwatupa pale pembeni wimbi la jioni litawaleta tena. Na usinunue ya wanaoburuta kokoro, ule wavu wa kukokotwa sakafuni. Kokoro limekatazwa kwa sababu ya makinda ya samaki, na ukiacha sheria, linakwangua sakafu ile ile ya mita chache ambako kome wachanga ndiyo kwanza wanatua.

Kama unataka kuongeza mzigo bila kuchimba, siku moja baada ya dhoruba ya kaskazini-magharibi fuata ufuko kuelekea Igombe ukikagua upande wa magharibi wa kila rasi ya mawe. Andika ni ipi ina magamba na ni ipi haina, kisha nitumie orodha hiyo pamoja na daftari lako la upepo, tuangalie kama hesabu yangu inakubaliana na ufuko wenu.